Mtani Aliyekalia Kinu

Mimi nilikuwepo siku ile, ila sikumbuki hata chembe. Nilikuwa mgongoni mwa mama yangu, nimefungwa kwa kaniki, na bila shaka nilikuwa nimelala. Watu wazima wote wa nyumbani kwetu waliomwona yule mtu wamekwisha kufa, nimebaki mimi, shahidi aliyelala. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwa mama yangu, Hidaya, na kwa Mzee Hatibu aliyekuwa mpishi wa msafara, na pale ambapo wote wawili hawakuwepo nimejaza mwenyewe. Asiyependa nilivyojaza naye ajaze kwa namna yake.

Mtu mwenyewe aliitwa Stambuli. Alikuwa mjomba wa baba yangu, ndugu wa mama yake, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kupiga mahema ya Wazungu, naye mwenyewe hakuwa na hema wala nyumba.

Kupiga hema ni kazi yenye elimu yake. Msafara ukiwa bado unajikokota nyuma na mizigo, Stambuli alikuwa mbele peke yake na fimbo yake, anatafuta mahali. Alitaka ardhi iliyoinuka kidogo ili mvua isipite chini ya kitanda. Hakutaka karibu na njia ya siafu, wala chini ya mkuyu wenye matunda, kwa sababu popo hawana adabu. Upepo alitaka uje kwa mgongo wa hema. Akiridhika, anachomeka fimbo, na hapo ndipo Bwana atakapolala. Mzigo ukifika, anapiga vigingi kwa kisigino cha shoka, anakaza kamba, anachimba mfereji mdogo kuzunguka, na kabla maji ya chai hayajachemka Mzungu ana nyumba. Kisha Stambuli anakunjua mkeka wake nje, ubavuni, penye kamba, analala hapo.

Mzee Hatibu alikuwa akisema mtu yule alichagua mahali pa kulala kama wengine wanavyochagua mke. Miaka kumi na sita alichagua mahali pazuri, mamia kwa mamia, kutoka pwani hadi Tabora, na hakulala hata pamojawapo.

Mwaka ninaousema ni ule ambao reli ya Wajerumani ilikuwa imekaribia kuingia Morogoro. Bwana wa safari ile alikuwa mpimaji wa ardhi, na wapagazi walimwita Bwana Mnyororo kwa sababu ya ule mnyororo wake wa kupimia. Safari hii hakuja kupima. Muda wake wa kurudi Ulaya ulikuwa umekaribia, akataka kwanza aitembelee nchi, alale hemani, achore vitu vya kale kwenye daftari. Wapagazi walicheka sana. Mtu ana nyumba ya mawe Dar es Salaam, ana kitanda cha chuma na chandarua, halafu anawalipa watu ishirini na wawili ili akalale porini!

Basi walitoka Dar es Salaam, wakalala huku na huku, wakalala Kingolwira ambako wajenzi wa reli walikuwa wametapakaa kama kumbikumbi, na siku ya pili yake wakafika Morogoro. Bwana hakutaka kukaa karibu na boma. Alitaka kukaa mtoni, penye mji wa kale wa Simbamwene, ule wenye kuta za mawe. Enzi zile kuta zilikwisha kuanguka nusu, na watu walikuwa wakichukua mawe yake kuwekea mafiga, lakini zilizobaki zilitosha kumfurahisha mtu mwenye daftari. Akasema watakaa siku tatu. Stambuli akachomeka fimbo mahali penye nyasi fupi, mto upande wa kulia na milima mbele.

Nasi twende polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapoanza kukasirika. Kutoka pale alipochomeka fimbo, Stambuli aliweza kuona kwao. Sisemi kwa kukisia. Kijiji chetu kiko juu ya mto ule ule, mwendo wa nusu siku kwa mtu anayejua njia, na mtu mwenye macho mazuri akisimama uwandani asubuhi bila ukungu anaona migomba. Mama yake alikuwa kwenye migomba ile. Na hii haikuwa mara ya kwanza Stambuli kupita Morogoro. Ilikuwa mara ya kumi na mbili!

Mara kumi na moja alipita, akatazama juu, akasema safari ijayo. Mzee Hatibu alimtetea sana mtu huyu mbele yangu, na mimi nilimsikiliza kwa adabu kwa sababu alikuwa mzee, ila sikukubali. Habari yenyewe ni hii. Stambuli aliondoka nyumbani kijana wa miaka kumi na minane, siku ambazo Wajerumani ndiyo kwanza wanaingia, akajiunga na msafara wa wafanyabiashara. Siku anaondoka, mama yake, Bibi Mwaisha, alimfunga hirizi mkononi, hirizi ya ngozi aliyoishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mpwapwa akashikwa na ndui. Wenzake wakamwacha ndani ya kibanda na kibuyu cha maji, wakaenda zao, na waliporudi wakapitisha habari nyumbani kwamba Stambuli amekufa. Sidhani walidanganya. Walimwacha mtu ambaye kwa macho yao alikuwa amekwisha.

Hakufa. Ajuza mmoja wa pale alimnywesha uji mpaka akasimama. Lakini uso wake ulikuwa umechimbika wote, sauti imekwaruza, na mfuko mtupu. Akasema hawezi kurudi kwa mama yake na uso ule na mikono mitupu. Afanye safari moja kwanza, arudi na kitu. Safari moja ikazaa nyingine. Alipopata kitu aliona hakitoshi, na kilipotosha aliona miaka imekuwa mingi mno, ataanzaje. Aibu ni mdudu wa ajabu, usipomuua siku ya kwanza anakuwa mkubwa kuliko wewe. Angeweza kutuma neno. Kila siku palikuwa na mtu anayepanda mlimani kutoka sokoni Morogoro, angemwambia tu, "Mwambie Mwaisha mwanawe yu hai." Maneno matano. Sijamsamehe kwa maneno hayo matano, na mimi ni mzee sasa.

Lakini safari hii alikuwa ameamua. Reli ilikuwa inakuja, na reli haihitaji mpiga hema. Alikuwa na miaka thelathini na minne, magoti yalikuwa yameanza kulalamika, na popote alipokuwa alikuwa mgeni. Hata maneno yake yalikuwa ya ugenini. Miaka yote ile alitembea na Wanyamwezi, akala nao, akaimba nyimbo zao za mizigo, mpaka akawa anazungumza kama wao. Alimwambia Hatibu kando ya mto, wakati Hatibu anaparua samaki, "Nitapanda kesho. Nitamwomba mama kiwanja kidogo tu, karibu na mlango wake. Nimewachagulia watu mahali pa kulala imetosha."

"Atakujua?" Hatibu akamwuliza.

"Uso hataujua. Lakini nina hirizi yake, na nina jambo moja nililokuwa nikimfanyia nilipokuwa mtoto. Akiliona atanijua kabla sijasema jina."

Asubuhi akaomba ruhusa, Bwana Mnyororo akampa bila shida, maana alikuwa amezama kwenye kuta zake. Stambuli akachukua kaniki mpya na furushi la chumvi, akapanda.

Kabla hajafika lazima niseme mambo mawili ya kwetu, maana bila hayo mtu atadhani watu wa nyumbani walikuwa wajinga.

La kwanza ni la jina. Katika ukoo wetu jina la marehemu halitupwi. Matanga yakiisha, mpwa wake, mtoto wa dada yake, anakalishwa mkekani, anafunikwa nguo, anapewa jina la marehemu pamoja na jembe lake na shamba lake. Tangu saa hiyo yeye ndiye mtu yule. Mama wa marehemu anamwita mwanangu, naye anamwita mama, hata kama jana alikuwa akimwita bibi. Na jina likishampanda mtu halishuki hivi hivi. Wazee wetu walisema watu wawili hai hawawezi kuwa mtu mmoja, na wakijaribu, mmoja wao hafiki mavuno.

La pili ni la utani. Ndugu wa marehemu kazi yao ni kulia. Anayechimba kaburi ni mtani, na huku anachimba anatukana na kuchekesha, na akimaliza anadai haki yake, kuku au nguo au chochote alichokishika. Sisi Waluguru tuna watani wengi, na Wanyamwezi ni watani wetu wa njiani. Mtu wetu akifia safarini, mtani aliyemzika hufika siku moja nyumbani kudai, hata ikipita miaka, na hapo ndipo wenye msiba wanapopumua, kwa sababu wanajua mtoto wao alitiwa ardhini. Kwa Stambuli hakuja mtani. Bibi Mwaisha alifanya matanga, akampa jina mpwa, lakini kila mwaka alikuwa akiuliza wapita njia kama wamesikia ni nani aliyemzika mwanawe. Macho yake yaliingia ukungu mpaka yakafunga, akawa anauliza sauti tu. Usiku mwingine, mama yangu alisema, alikuwa akiamka akilitaja neno fisi.

Basi Stambuli alifika uani wakati jua limesimama utosini. Mama yangu Hidaya alikuwa amemaliza kutwanga, kinu amekifudikiza, yuko pembeni anapepeta, mimi mgongoni. Bibi Mwaisha alikuwa kizingitini anachambua maharage kwa vidole. Stambuli alisimama akamtazama. Kisha hakupiga hodi wala hakusalimu. Akaenda moja kwa moja, akauchukua mchi, akakaa juu ya kinu, mchi magotini.

Ndilo hilo jambo lake. Alipokuwa mtoto, akirudi na njaa, alikuwa akikalia kinu cha mama yake, kitu ambacho mtoto mwenye adabu hafanyi, anashika mchi, anasema, "Sishuki mpaka nile." Mama yake anamfukuza kwa mwiko huku anacheka. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye uso uliochimbika, amekaa palepale, amekwisha fungua mdomo ayaseme maneno yale.

Mama yangu akamwahi. Aliona mwanamume mgeni, amevaa kisafari, amefunga kitambaa kichwani kama Mnyamwezi, amekalia kinu cha watu mchana kweupe. Mtu wa namna moja tu hapa duniani angethubutu. Akatupa ungo, akaangua kicheko.

"Mama! Njoo usikie makubwa! Kuna mtani kakalia kinu chetu! Shuka wewe, Mnyamwezi usiye na haya! Na huo uso je, uliwaazima kuku wakadonolea mtama?"

Alijuta maneno hayo mpaka anakufa, ingawa ulikuwa utani wa haki kabisa.

Bibi Mwaisha aliinuka. Maharage yakamwagika yote. "Mtani?" akasema. "Hidaya, umesema mtani? Mtani wa kutoka wapi?"

"Wa safari, mama. Ana mavumbi ya huko Unyamwezini mpaka masikioni."

Bibi akaja akipapasa hewa, mpaka mkono wake ukagusa bega la yule mtu aliyekalia kinu, ukabaki hapo. Akakaa chini mbele yake.

"Umekuja," akasema. "Miaka kumi na sita nakungoja. Nilisema hakuna aliyemzika. Nilisema mwanangu ameliwa na fisi, watu wananificha. Sitaki kujua kwa nini umechelewa. Niambie tu. Ni wewe uliyemzika mwanangu Stambuli?"

Yule mtu akasema, "Mama, mimi..."

Sauti ikatokea migombani, "Kuna nini huko?" Baba yangu akaja, kijana wa miaka ishirini na mitatu, jembe begani, jasho linamtiririka.

"Stambuli!" Bibi akaita, na wanaume wawili wakageuza vichwa. "Stambuli mwanangu, kimbia! Mtani wako amekuja! Aliyekuzika amekuja!"

Baba yangu alizaliwa Salum. Alikuwa na miaka saba alipofunikwa nguo. Alipouacha mji huu, mjomba alimwacha mtoto wa dada yake anayekimbia uchi, na sasa alikuwa akitazama mwanamume mwenye ndevu, mwenye mke, mwenye mtoto mgongoni mwa mke, ameshika jembe lenye pengo. Pengo lile Stambuli alilitia mwenyewe, kwenye jiwe, mwaka wa mwisho kabla hajaondoka. Na nyumba mpya ilikuwa imesimama karibu na mlango wa mama, palepale alipokuwa akipaota njia nzima kutoka Kingolwira.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alikuwa mtu wa ukoo ule, aliijua mila kama sisi. Akisema mimi ndiye, lazima mmoja wa wale wawili avuliwe jina. Akivuliwa kijana, anabaki hana jina wala shamba, wala haki kwenye nyumba aliyoijenga, na mama anampoteza mtoto wa pili ili ampate wa kwanza. Wakiachiwa jina wote wawili, kuna ile kauli ya wazee juu ya mavuno. Mtu mwingine angesema mila ni ya watu, na watu wanaweza kuitengeneza. Mimi ningesema hivyo. Lakini mimi sikumtupa mama yangu miaka kumi na sita, na huenda aliyemtupa anaona hana haki ya kuja kuvunja nyumba aliyoijenga asiyemtupa.

Mama yangu alisema yule mtu aliutoa mchi magotini, akaulaza chini, naye akadhani amekasirishwa na ule utani wa kuku.

Kisha akasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi niliyemzika."

Bibi Mwaisha akapiga kigelegele. Ndiyo, kigelegele, huku machozi yanamtoka. Akataka kujua yote. Alioshwa? Alioshwa, mama, kwa maji ya kijito. Alisitiriwa kwa nguo gani? Kwa shuka nyeupe, mpya. Nani alimfumba macho? Mimi. Alisema nini mwisho?

"Alisema uniombee radhi kwa mama," akajibu, "nilitaka kurudi."

"Na kaburi? Amelala wapi mwanangu?"

Hapo, mama yangu alisema, yule mtu alianza kuzungumza kwa namna nyingine, polepole, kama fundi anapoulizwa habari za kazi yake. Alisema ni mahali palipoinuka kidogo, mvua ikinyesha maji hayatuami. Udongo ni mwekundu, laini, hauna mizizi. Siafu hawapiti. Kuna mti wa kivuli, si mkuyu, mti mtulivu tu ambao ndege hawagombani juu yake. Upepo unatoka mgongoni, na mbele, asubuhi ukungu ukiondoka, mtu anaona milima. Alisema alitembea siku nzima akitafuta, na alipopaona alijua ni hapo.

"Basi mwanangu analala pazuri," Bibi akasema.

"Sijaona pazuri kuliko hapo, mama."

Baba yangu, ambaye alikuwa mtu wa kutaka hakika, akauliza kwa heshima kama kuna kitu chochote cha marehemu alichokileta. Yule mtu akakunja mkono wa kanzu yake. Hirizi ilikuwa juu ya kiwiko. Kwa jinsi ilivyokazana na miaka ilibidi aikate kwa kisu. Ilikuwa ishuhudie kwamba yeye ni mwana wa Mwaisha, na aliipandisha mlima kwa kazi hiyo. Akaiweka kwenye kiganja cha mama yake, ishuhudie kwamba mwana huyo amekufa.

Bibi Mwaisha akaipapasa, akaufuata ule uzi kwa kucha, mshono mmoja mmoja. Akainusa. Alimrudishia fadhila kama inavyopasa. Alimwita Hidaya amkamate kuku, yule mweusi, bora kuliko wote, afungwe miguu. Chakula kikaletwa, na mgeni akaambiwa sasa ashuke kwenye kinu ale na watu. Akashuka. Alikula kidogo. Alitoa ile kaniki na ile chumvi, akasema ni za mama wa marehemu, wenzake wa safarini walichangishana. Akamtazama baba yangu akila, akamwambia, "Jembe lako lina pengo. Ukilinoa uangalie, lisije likapasuka." Baba akasema ni la urithi, anaona taabu kulibadilisha.

Alipoaga, Bibi akamshika mkono tena. Vidole vyake vikapanda usoni kwake, vikapita kwenye yale mashimo ya ndui, vikashuka.

"Mtani," Bibi akasema, "wewe mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Anajua uliko?"

"Hajui."

"Mwendee. Usimfanyie mama yako kama mwanangu alivyonifanyia mimi."

"Nimesikia, mama."

"Na ukifa wewe, nani atakuzika, na jinsi ulivyo mzururaji?" Huo sasa ulikuwa utani, kumsindikiza mgeni kwa kicheko.

"Mimi nilikwisha zikwa zamani," akasema, na watu wote wakacheka, mama yangu na baba yangu na Bibi Mwaisha, wakacheka mpaka mimi nikaamka na kulia. Akashuka mlima na kuku wake.

Alifika kambini jua bado lipo. Bwana Mnyororo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya ukuta wa Simbamwene, anachora. Hatibu alimwona kwa mbali, akamwita, "Vipi? Umepewa kiwanja?"

"Nimepewa kuku."

Hatibu akashika kisu, maana mpishi akiona kuku ana jambo moja tu. Stambuli akamzuia mkono. "Huyu haliwi. Huyu ni haki yangu. Nimezika mtu." Hatibu akacheka, kisha akamtazama usoni akaacha. Wakakaa kando ya mto, akamweleza yote, na sehemu ya juu ya mkono wake, pale hirizi ilipokuwa, palikuwa na alama nyeupe kama ngozi ya mtoto. Hatibu akamwambia arudi kesho yake aseme kweli, siku moja imebaki. Siku iliyobaki aliimalizia kukagua vigingi ambavyo havikuwa na kasoro.

Wakang'oa hema, wakaenda Kilosa. Kuku alipanda juu ya mzigo wa turubai, akataga njiani, na mayai akala Bwana, ambaye hakuuliza yametoka wapi. Kilosa msafara ukavunjika. Stambuli akapata Mzungu mwingine anayekwenda Tabora, akaondoka na kuku wake chini ya kwapa. Hatibu hakumwona tena, wala hakukutana na mtu aliyemwona.

Bibi Mwaisha alikufa baada ya miaka minne, na tangu siku ile hakuamka tena usiku kwa ajili ya fisi. Hirizi tulimzika nayo.

Hatibu aliacha misafara, akajenga Mafiga, palepale Morogoro, akawa anapikia watu wa reli. Baba yangu alikuwa akishuka na maharage ya kuuza, na siku moja, mimi nina miaka minane hivi, alikula pale. Hatibu akauliza mgeni anatoka wapi na anaitwa nani. Baba akamtajia kijiji na jina. Hatibu akaweka upawa chini, akamwomba asubiri mpaka wateja waondoke.

Siku ile ninaikumbuka, nilikuwa macho. Baba alirudi jua likizama, na maharage yake yote bado kichwani. Hakusalimu. Aliyatua, akakifudikiza kinu, akachukua mchi, akakaa. Mama alitaka kupiga kelele, kisha akauona uso wake, akaenda kukaa chini karibu na mguu wake, naye akamweleza kwa sauti ndogo yule mtani alikuwa nani. Mama akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Baadaye aliingia ndani akapika, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Akaleta ugali na mboga, akaviweka chini mbele ya kinu.

Baba hakula. Alisema chakula kile si chake.